Nyumba Iliyopangwa Vizuri Mno

Sisi tuliokulia Bani Malik ya Jedda zamani hizo, mtu akituuliza chumba chetu kilikuwa kipi, tunacheka kwanza. Chumba? Tulikuwa na pembe. Pembe yangu mimi ilikuwa baina ya kabati la Mama na dirisha lenye kiyoyozi, kile kikubwa cha kizamani kilichokuwa kikinguruma kama lori linalopanda mlima, huku kikidondosha maji ndani ya kopo tupu la samli. Ukilala hapo unapata baridi kuliko wenzako, lakini ni wewe unayeamshwa kwenda kumwaga kopo likijaa.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili, ukumbi, jiko la kusimama mtu mmoja na nusu, na choo kimoja. Humo tulikuwa watu kumi na wawili: Baba na Mama, sisi watoto sita, Bibi Zuhura aliyemzaa Baba, na shangazi yangu Raya aliyeachwa na mumewe akarudi kwa kaka yake na watoto wake wawili. Bibi alimleta Baba nchi hii akiwa mtoto wa kubebwa, baada ya Mapinduzi ya Unguja, na huko Unguja aliacha nyumba ya ghorofa. Alituhadithia nyumba hiyo mpaka tukawa tunajua ina ngazi ngapi na ngazi ipi inalia ukiikanyaga, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

Asubuhi za skuli zilikuwa vita. Choo kilikuwa kwa zamu na zamu ilikuwa sheria: Baba kwanza, kisha kaka yangu mkubwa Nassor ambaye skuli yake ilikuwa mbali, kisha wanawake, kisha sisi wadogo tuliokuwa tukipigana makofi kwenye ujia kimyakimya ili Baba asisikie. Bibi pekee aliruhusiwa kuikata foleni saa yoyote, naye alijua, na mara nyingine aliikata bila haja, kwa kufurahia tu kuona tunavyompisha. Tukitoka hapo, mmoja ameshatumwa chini kwenye tanuri la Waafghani kununua mkate wa tamisi, ule mrefu unaotoka na joto lake, na anarudi nao ukingo wote umeshaliwa. Kila siku Mama anauliza nani kala ukingo, na kila siku hakuna aliyekula.

Nafasi ya kuchezea haikuwepo, kwa hiyo tulicheza kwenye ngazi za jengo. Mdako tukicheza hapo, kwa vijiwe tulivyookota kwenye mchanga wa mafundi, kila msichana na ngazi yake. Mama mmoja wa Kisudani wa ghorofa ya pili alikuwa akipita na mfuko wake wa sokoni, anatuambia kwa Kiarabu kwamba ngazi ni ya kupandia si ya kukalia. Tunainuka, anapita, tunakaa tena. Watoto wangu mimi leo wana ukumbi unaotosha kurushiana mpira, nao mpira wanaucheza ndani ya simu, wamelala chali, na mchezo ukiisha wanasema wamechoka.

Tulipata uraia nikiwa na miaka kumi hivi, na hapo ndipo Baba alipoambiwa kazini kwamba ipo jumuiya ya hisani inayojenga nyumba za familia kubwa zisizojiweza, nje kidogo ya mji. Nyumba za vyumba vitano, zina ua. Baba alikuwa mlinzi wa ghala bandarini. Kiarabu alikizungumza kama waliozaliwa nacho, lakini kukisoma kulimpa tabu, kwa sababu alianza kazi mapema ili amlishe Bibi na shangazi. Basi siku ya kwenda kuandikisha jina alinichukua mimi. Niliifungua fomu juu ya meza, nikaisoma kwa sauti ndogo, yeye akajibu, nami nikajaza. Niliporudi nyumbani nilijiona mtu mzima. Wadogo zangu walinizunguka kuuliza ua ni mkubwa kiasi gani, na mimi, ambaye sikuuona, nikawaambia unatosha kufuga kondoo.

Tangu siku hiyo tukaanza kungoja. Kila baada ya mwezi au miwili Baba ananichukua, tunapanda teksi ya kushirikiana na watu mpaka Sharafiya, tunakwenda kwa miguu mpaka ofisini, tunakaa. Karani wa pale tulimwita Abu Saad, mtu mpole, mwenye sauti ya kulala. Analifungua faili letu, analitazama kama halijui, anasema majina yaliyo mbele yetu bado ni mengi. Bukra, inshallah, yaani kesho. Baba anashukuru. Tukifika karibu na nyumbani ananiambia nisiwape wenzangu habari kwa uso mrefu. Nami naingia ndani nikitabasamu, natangaza kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Mambo yakaenda vizuri hivyo mwaka mzima na zaidi. Kisha siku moja Abu Saad akatwambia kwamba kesho kutwa atakuja mkaguzi kuiona hali yetu kwa macho. Nyumba nzima ikapandwa na homa. Shangazi Raya akashauri tuazime watoto wa yule mama wa Kisudani, wajae ukumbini, ili mkaguzi akose hata pa kuweka mguu. Baba akakataa. Alisema watu kumi na wawili wanatosha, na kweli yetu inajieleza yenyewe.

Siku ya mkaguzi, Baba alipotoka alfajiri kwenda kuomba ruhusa kazini, Mama alituamsha sote. Magodoro tisa tukayapandisha juu ya paa la jengo, tukayafunika kwa turubai. Mabegi ya nguo yaliyokuwa yamerundikana ujiani yakaenda kwa jirani. Wadogo zangu na watoto wa shangazi wakaogeshwa, wakavishwa nguo za sikukuu, wakapelekwa huko huko kwa jirani wakakae watulie. Mama akasugua sakafu mpaka mikono ikamvimba, akalitandika busati ambalo hutolewa Idi mpaka Idi, akachoma udi, akaoka mkate wa kumimina. Nilimuuliza kwa nini tunaficha magodoro ikiwa mtu anakuja kuangalia tunavyobanana. Akanitazama kama niliyetukana.

"Mgeni anakuja nyumbani kwangu," alisema. "Atakuta magodoro?"

Baba aliporudi, alikuwa ameshakutana na mkaguzi mlangoni. Waliingia pamoja. Nauona mpaka leo uso wa Baba alipouona ukumbi wake mwenyewe: mweupe, mpana, unanukia, na Bibi ameketi pembeni na kanga yake mpya kama malkia. Mkaguzi alikuwa kijana mwenye adabu. Alivua viatu, akakaa, akanywa kahawa, akala mkate vipande viwili na kuusifu. Akapitisha macho vyumbani. Kisha akasema, na alisema kwa nia njema kabisa, "Mashallah, nyumba yenu ina nafasi."

Baba akamwambia sisi ni kumi na wawili. Kijana akaangalia kadi ya familia, akasema kadi inasema tisa, kwani shangazi na wanawe wana faili lao kwingine. Baba akamwambia usiku hakuna pa kukanyaga. Kijana akaandika. Lakini mtu huandika anachokiona, na alichokiona pale kilikuwa ni kazi ya Mama.

Mwezi uliofuata Abu Saad aliigeuza karatasi upande wangu nimsomee Baba. Sikuhitaji kusoma mengi. Makazi: yanafaa. Haja: si ya haraka. Jina letu lilikuwa limeteremshwa chini, mbali sana na lilipokuwa. Nilisoma kwa sauti ndogo, kama nilivyozoea, na Baba akaniambia nirudie, nikarudia. Akamshukuru Abu Saad. Tulipofika nje alisimama juani, pembeni ya duka la simu, watu wanatupita huku na huku.

"Mama yako asijue," aliniambia.

"Akiuliza?"

"Mwambie tunasubiri. Hilo si uwongo."

Siri hiyo niliibeba miaka mitatu. Kwa mtoto ni mingi. Kila Mama aliposhika kiuno akawasema wale watu wa jumuiya kuwa hawana huruma, mimi nilikuwa nikitoka kwenda kukaa ngazini. Na hapo ngazini nilikuwa namkuta Nassor. Ndani hapakuwa na pembe ya kusomea, basi alisomea kwenye ngazi, chini ya ile taa inayojizima yenyewe kila baada ya muda mfupi. Inazima, ananyoosha mkono anabonyeza, anasoma mistari michache, inazima. Siku nyingine nilikaa karibu na kitufe nikimbonyezea, naye akinisomea jiografia. Alikuwa na akili, si kwa kuwa ni kaka yangu. Lakini mtihani wa mwisho alama zake hazikufika zilipotakiwa kufika, na hakumlaumu mtu. Alisema atakwenda Riyadh, rafiki yake amempatia kazi kwenye duka la vipuri vya magari, na huko watalala wanne chumba kimoja. "Wanne tu," alitwambia akicheka. Mama hakucheka.

Siku tuliyomsindikiza kituo cha mabasi, Mama alirudi nyumbani moja kwa moja jikoni, akaanza kukiosha kikombe alichonywea Nassor chai. Alikiosha muda mrefu. Akasema watu wale hawana roho, wangelitupa nyumba, mwanawe asingelikwenda kulala ugenini na watu asiowajua.

Nami nilikuwa na miaka kumi na tano na nimechoka.

"Hawana kosa wale," nilimwambia. "Wewe ndiye uliyeficha magodoro."

Nikamwambia yote: karatasi, maneno yaliyokuwemo, jina kuteremshwa. Hakunipiga. Ningelipenda anipige. Aliuliza jambo moja tu, kama Baba anajua. Nikamjibu anajua tangu siku ile. Akakifuta kikombe, akakiweka mahali pake, akaenda kukaa na Bibi.

Kuanzia kesho yake Mama hakukunja godoro. Yalibaki chini yalivyo, mashuka yamevurugika, mpaka adhuhuri, mpaka alasiri. Wageni walikuja wakakaa katikati ya mito na nguo, wakashangaa, naye akawapa chai bila kuomba radhi. Udi haukuchomwa. Sisi watoto, ambao siku zote tulilalamika kunja-kunja zile, tulitembea juu ya magodoro hayo kwa hofu, kana kwamba kuna mgonjwa ndani. Bibi alimsihi, hakusikia. Siku ya nne Baba alirudi kutoka bandarini, akavua viatu, akaanza kukunja mwenyewe. Alikunja vibaya, kama wanaume wanavyokunja, godoro linafunguka huku yeye anashika kule. Mama akamwambia aache, si wakati wote huu alikuwa akijua na hakumwambia.

"Nikwambie nini?" Baba alisema, amepiga magoti juu ya godoro. "Sikukuoa uje uwaoneshe watu shida zangu. Ulifanya kama ulivyo. Na kama ulivyo ndivyo nilivyokutaka."

Mama aliinuka akamnyang'anya lile godoro, akalikunja yeye. Mimi sikumuomba radhi siku ile. Nilimuomba miaka baadaye, nikiwa na watoto wangu, naye akaniambia amesahau. Hakusahau.

Mkaguzi wa pili alikuja baada ya muda mrefu, safari hii mwanamke. Mama alimfungulia mlango na nywele za kazi, hazijachanwa, akamtembeza. Akamfungulia makabati, akamwonesha vitu vilivyo chini ya vitanda, akamwonesha pazia Bibi analovulia nguo nyuma yake. Alikuwa kama mtu anayejifunua kwa daktari. Yule mwanamke aliandika kurasa mbili, na alipoondoka Mama aliingia chooni akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebisha hodi.

Tukapandishwa. Kuwa na haja ya haraka, kumbe, nako ni foleni. Bibi alianza kuugua miguu, kisha kifua. Alitaka kitu kimoja tu, chumba chenye mlango, ili apakwe mafuta na kuvishwa bila kupitwa na wajukuu wa kiume. Tulimsogezea pazia, tukalitia pini, tukawafundisha wavulana kukohoa kabla ya kupita. Alifia hapo hapo ukumbini, asubuhi ya Ijumaa, Mama amemshika mkono. Wanawake waliokuja kutupa pole hawakuenea ndani. Walikaa kwenye ngazi, kutoka mlangoni kwetu mpaka ghorofa ya pili, na yule mama wa Kisudani alikuwa miongoni mwao, ameketi juu ya ngazi yake na msahafu, anasoma.

Shangazi Raya akaolewa na mtu wa Makka, akaondoka na wanawe. Mimi nikaolewa. Mdogo wangu anayenifuata akaolewa, na mwengine akamfuata Nassor Riyadh. Siku simu ilipokuja, mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi saba. Baba alinipigia, akaniambia twende, kama zamani. Nilimbeba mtoto tukaenda. Abu Saad alikuwa ameota mvi na amehamia meza kubwa zaidi, lakini sauti ilikuwa ile ile. Alisema hongera, nyumba imepatikana, vyumba vitano, na ua. Limebaki jambo la kuhakikisha tu: nyumbani mmebaki wangapi?

Kadi ya familia ilikuwa juu ya meza, na wavulana walioko Riyadh majina yao bado yalikuwa humo. Jina la Bibi pia bado lilikuwa limeandikwa kwenye faili. Abu Saad alijua. Aliisogeza kadi kidogo kwa ncha ya kidole na kusema kwamba yeye anaandika anachoambiwa. Nilimtazama Baba. Nilitamani aseme saba. Wallahi nilitamani.

"Wanne," Baba alisema.

Abu Saad akaiweka kalamu. Alieleza polepole kwamba watu wanne hawaipati nyumba ile, kwamba itakwenda kwa jina linalofuata. Baba akauliza wao ni wangapi. Akaambiwa kumi na mmoja, wana mtoto mlemavu. Baba akatikisa kichwa, akasema basi halas, akamshika mkono Abu Saad kwa mikono miwili. Nje alininunulia maji ya miwa tukanywa tumesimama, mtoto analilia bilauri yangu. Nilimwambia Mama atasononeka. Akasema Mama ndiye aliyemwambia, kabla hajatoka nyumbani, asije akathubutu kutaja jina la Bibi kama aliye hai.

Baba ametangulia mbele ya haki. Jengo letu limevunjwa pamoja na mengine ya upande ule, na nikipita kwa gari siwezi tena kusema ngazi zetu zilikuwa wapi. Mama anaishi nami, mtaa wa kaskazini, nyumba ya vyumba vinne aliyoijenga mume wangu kwa jasho la miaka ishirini. Watoto wangu kila mmoja ana chumba na ufunguo. Binti yangu akitaka chai ananiandikia ujumbe kutoka chumbani, nami niko jikoni, hatua kumi na tano. Nikimwambia sisi tulilala wanane chumba kimoja ananihurumia, kama kwamba nilikuwa mfungwa. Huwa najaribu kumweleza ile raha ya kusikia pumzi za wenzako, na kicheko kinachopita kutoka godoro hadi godoro mpaka Baba akohoe. Anasikiliza kwa adabu, kidole juu ya simu. Sitaki nimdanganye pia. Kulikuwa na joto, na harufu, na Nassor ngazini, na Bibi nyuma ya pazia. Sizirudii siku zile hata kwa kulipwa.

Idi iliyopita Nassor alikuja kutoka Riyadh na mkewe, wanawe na wakweze. Alituarifu mapema. Siku tatu kabla nilivitandika vyumba, nikawahamisha wanangu kwa ugomvi mkubwa, nikanunua mito mipya, nikaoka. Mama alisimamia kila shuka. Walifika baada ya sala, nyumba ikajaa, tukala kwa masinia chini kama zamani, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Ilipokaribia magharibi Nassor akatazama saa, akasema waende wakapumzike, wamekodi nyumba ya kupanga kwa siku zile, karibu na pwani, wasije wakatusumbua. Alisema kwa upole, kwa namna watu wanavyosema sasa, na mkewe akanibusu akanishukuru.

Mama aliwasindikiza mpaka getini. Aliporudi alinikuta ukumbini nakusanya vikombe. Akaniuliza kama watarudi kulala. Nikamwambia wamekodi.

"Wamekodi," alisema.

Alikaa kwenye kochi, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akaniuliza yale mashuka niliyoyatandika nitayafanyaje. Nikamjibu nitayaacha tu, ni safi. Akasema hapana, yatashika vumbi. Tukaingia chumba kimoja baada ya kingine, yeye ameshika ncha za huku na mimi za kule, tukayakunja.